Harufu ya Ndizi Mdomoni mwa Zuhra

S.L.P. 47,
Ujiji, Kigoma.
24 Januari 1997

Mpendwa mwanangu Gharib,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Morogoro? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi tunaendelea na mfungo. Baba yako hajambo, ila goti linamsumbua.

Hali ya mkeo Zuhra ndiyo inayonifanya niandike kwa haraka. Nisamehe kwa mwandiko huu.

Nyumba imejaa, unajua. Leonia, yule aliyevuka ziwa kukimbia vita Uvira, bado tunaye uani na watoto wake pacha. Kumbe Zuhra, na mimba yake ya miezi saba, daku lake lote anawapa wale watoto, na futari anaionja tu. Hakuna aliyejua.

Juzi alasiri aliniinamia kunitandikia mkeka, nikasikia mdomo wake unanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwanangu, nilidhani ni pombe ya ndizi. Mwezi mtukufu! Ulimi hauna mfupa; nilifoka hadi majirani wakasikia. Alisema tu, "Mama, mie sijanywa kitu." Kisha akaanguka.

Tulimkimbiza zahanati; muuguzi Skolastika alimpima mkojo, akanieleza. Mwenye mimba kubwa akikaa na njaa, sukari ya damu humwishia upesi kuliko sisi, maana mtoto huchota bila kungoja. Mwili hugeuka kuyachoma mafuta yake wenyewe, na harufu ile hutokana na hayo. Nililia mbele za watu. Akamtundikia dripu, akamkataza kufunga. Shehe naye kasema ruhusa ipo, atalipa baadaye.

Zuhra hataki. Anasema akionekana anakula mchana, mtaa utasema kweli ni mlevi. Atafunga mpaka mwezi uandame. Uji nikimpelekea anaufunika kwa kawa. Skolastika anasema moyo wa mtoto unasikika, lakini tangu jana anacheza kidogo sana. Naogopa, Gharib. Naogopa hata kumtazama mkeo usoni.

Dada yako Ummy na Leonia wanakusalimu. Nisalimie mjomba wako Abdulmajid na watu wa nyumbani kwake.

Barua hii anakuja nayo Pastory wa reli, uipate upesi. Maneno yangu ndiyo yaliyomfunga Zuhra mdomo, hayawezi tena kuufungua. Nenda posta siku hiyohiyo, umpigie telegramu yeye, si mimi. Neno moja latosha: KULA.

Mungu akuhifadhi, na amhifadhi aliye tumboni.

Mama yako akupendaye,
Hadija