Dereva Hapandi Basi

Ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la miwani.
Jumatatu asubuhi, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu za moto, maana huku moto mwingine hakuna. Hujambo? Kifua kimekuachia? Na watoto, bado wanapigania kitanda cha dirishani? Sisi tu wazima, ila goti langu moja limejifanya mtabiri wa mvua, na halikosei.

Nimefurahi kusikia kwamba nawe umepata kazi ng'ambo. Umeniuliza ukifika ununue gari kwanza au uzoee mabasi, ukaniambia kwamba kaka yetu seremala amekushauri gari, eti mtu mzima haangikwi kituoni kama nguo kwenye kamba. Mwambie nimemsikia, na amekosea. Gari halimkuzi mtu. Nimeona watoto wa miaka hamsini ndani ya magari makubwa, wanampigia honi bibi kwa kuwa anavuka polepole.

Ningekuhubiria zaidi, lakini mahubiri yangu yote yaligonga mwamba humu humu ndani. Mwamba wenyewe ni shemeji yako.

Unajua ameendesha malori tangu kabla hajanioa. Tulipofika tukaambiwa leseni yake haitambuliwi, aanze upya darasani kama mwanagenzi. Basi mimi nikawa naenda chuoni kufundisha, yeye anabaki dirishani kuwakosoa madereva wa mtaa mzima. "Ona huyu, anakata kona kama anakata keki!" Nikimwambia twende sokoni kwa basi, jibu ni lile lile: "Dereva hapandi basi. We mwalimu, unataka niwe utingo uzeeni?" Nikamjibu kwamba hata utingo, pamoja na kupakia na kupakua, hufika mahali. Tukanuniana.

Kisha akaanza habari za kurudi nyumbani. Si kwa hasira, mdogo wangu, hasira ningeiweza. Alisema taratibu, huku akimenya chungwa, kwamba mimi nibaki na kazi yangu, naye arudi kwenye barabara zinazomjua. Mimi, ambaye hata mazishini huwa na la kujibu, nilizoa maganda nikaenda kuyatupa.

Kilichotuokoa, kama tumeokoka, ni neno asante.

Jirani yetu mwoka mikate, mgeni kama sisi, husambaza mikate kwa kigari chake. Alimkuta shemeji yako nje amepeleka takataka, akamwonyesha kiti cha pembeni: twende, tuzunguke kidogo. Sasa unajua kwetu: ukikaribishwa, ukaweka mkono kifuani ukasema asante, umekataa, na umekataa kwa heshima. Mzee wangu akaweka mkono kifuani, akasema asante kwa lugha ya huku. Kumbe huku asante ni ndiyo! Mwoka mikate akashuka, akahamisha makreti, akapangusa makombo kwa kofia yake mwenyewe, akamshikia mlango. Utakataaje tena? Akapanda na ndala zake.

Alirudi mchana ananukia hamira.

"Nimekaa kiti cha abiria," akaniambia, "na sijafa."

"Dereva je?"

"Ovyo! Anakanyaga breki kama anaua mende. Ila mji anaujua. Ulikuwa unajua kuna mto hapa?"

Nilikuwa najua, nauvuka kila siku. Nikanyamaza, na unajua kunyamaza kunavyoniuma.

Tangu hapo nimefikiri sana. Nchi inayomwambia dereva wa maisha yote kwamba hajui kuendesha inastahili kukemewa, nami nitaikemea hadi wanichoke. Lakini sisi wageni nasi tunabishana gari au basi kana kwamba shida ni magurudumu. Swali la kwanza ni kama utakubali kupelekwa na mtu usiyemjua, mahali usipopajua, nawe umekaa tu, mikono mapajani. Hilo humwelemea zaidi aliyezoea kushika usukani. Kwa hiyo panda basi, mdogo wangu. Potea kidogo, uliza, chekwa. Gari utalinunua ukishajua unataka likupeleke wapi.

Nisalimie Mama, na umwambie dawa ya goti imefika. Msalimie kaka seremala, asinune. Shangazi Kicheko mkumbatie kwa niaba yangu, ukiweza kumzungushia mikono. Mungu akutangulie uendako, akupe majirani wenye mlango mwepesi.

Naweka kalamu chini, maana shemeji yako amesimama mlangoni, amechana nywele, ananiuliza bila kunitazama basi la kwenda shule ya udereva linapita wapi. Nimemwambia nitampeleka. Amekubali, kwa sharti kwamba nikae viti vya nyuma, na nisimfundishe kukaa.

Ni mimi dada yako akupendaye bila breki,
Mdomo Wembe