Mstari Mlioruka

31 Desemba. Ukungu na manyunyu tangu alfajiri.

Wanangu,

Chakula kimo kwenye sufuria kubwa, kipasheni moto. Kitinda mimba, anua nguo.

Zile orodha za maazimio ya mwaka mpya nimezibandua kabatini. Leo nimezisoma mwenyewe, kidole juu ya herufi, kama tunavyofundishwa darasa la jioni. Za marehemu baba yenu mlinisomea mkicheka: ataacha kukoroma, atapaka ukuta rangi. Mstari wa mwisho mliuruka: “Kwenda kupima moyo.” Ameuandika miaka mitatu mfululizo. Najua aliwakataza msinitie hofu. ~~Siwasamehe.~~ Nimewasamehe. Ila nikisali namsikia akikohoa kitini pake, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Mwaka huu hatubandiki orodha. Kila mtu achague jambo moja, alianze leo.

Mimi kifua kinanibana tangu Oktoba. Nami niliwaficha, Mungu anisamehe. Shangazi yenu ananisubiri mlangoni na jirani yetu fundi cherehani. Nimewaambia wote wawili kwa sauti, wanishuhudie: “Wallahi, leo sirudi nyumbani kabla daktari hajanipima moyo.”

Mama yenu