Vioo vya Masizi na Kicheko cha Baba

Jumapili jioni, Kamalondo. Joto la leo lilikuwa la kuchemsha ubongo, na mvua tunayoingoja tangu juma lililopita imenguruma tu upande wa Naviundu, kisha ikaenda zake. Vidole vyangu bado ni vyeusi kwa masizi. Ukurasa huu utachafuka, na uchafuke. Nina furaha mno.

Nikiri kwanza. Mimi mwalimu wa darasa la pili, ninayewakemea watoto kila siku kwa ajili ya wivu, nimekuwa na kinyongo na Papa Donatien miaka miwili mizima. Papa Donatien ndiye mfasiri wa sinema za Jumapili mchana katika ukumbi wa parokia. Anasimama kando ya shuka jeupe na bomba lake la bati la kukuzia sauti, na Mfaransa akifungua mdomo tu, yeye anaanza kunguruma kwa Kiswahili. Watu wanampenda, na kusema kweli anachekesha. Lakini mimi sinema za Kifaransa za kuchekesha nazipendea sauti: jinsi mwongo anavyomeza mate kabla ya kudanganya, jinsi mke anavyosema "ah bon" kwa upole ule ambao maana yake ni utanikoma. Papa Donatien anavifunika vyote. Mzee, bibi harusi, polisi, wote wana sauti moja, na ni yake.

Tena anabadilisha mambo. Hii sinema ya leo, ya mwoka mikate, tuliwahi kuonyeshwa kabla ya kiangazi. Mama mkwe anakuja kukaa kwa mwoka mikate, na huyu anamwogopa hadi anajificha ndani ya pipa la unga. Papa Donatien aliona haya kumtaja mama mkwe mbele ya kina mama, basi akasema ni kambo, yaani bibi yake. Sisi na kambo tunataniana, tunaitana mume na mke, woga uko wapi? Watu wakadhani ni mjukuu anayecheza kujificha na bibi yake. Walicheka, ila walicheka hadithi nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nauma kucha.

Filamu hizi zinatoka Ubelgiji zikiwa na maneno ya Kiflama, lugha nyingine ya kule, chini ya picha. Hakuna anayeyasoma hapa. Lakini ndiyo yaliyonipa wazo: kumbe sauti inaweza kuachwa ilivyo, na maana ikapita chini kimyakimya.

Lakini nisijidanganye. Sikufanya yote haya kwa ajili ya sauti tu.

Nilifanya kwa ajili ya Baba.

Baba alipiga nyundo kwenye matangi ya magari-moshi, katika karakana ya reli, tangu kabla sijazaliwa. Matangi yale yamemla masikio. Mwanzoni alikuwa akija ukumbini nasi na kucheka wenzake wakicheka, akichelewa kidogo. Jumapili moja watu wote walinyamaza, yeye ndipo akacheka, na kwa nguvu, maana hajisikii. Watoto wa benchi la mbele wakageuka kumtazama. Akachukua kofia yake, akatoka. Tangu siku hiyo hakurudi. Hata misa anakwenda ile ya alfajiri, isiyo na watu. Nyumbani anasoma: kitabu cha sala, karatasi za sabuni, daftari za wanafunzi wangu. Hatusemeshi sana tena, na mimi nimekuwa nikiogopa kwamba tunampoteza akiwa bado amekaa kwenye kiti chake.

Basi nikamwendea Padri. Kuna taa ya zamani ya kuonyesha picha za katekisimu. Nikamwomba niitumie kuangaza maandishi kwenye shuka la pili chini ya picha. Ufundi wake ni rahisi: unashika kipande cha kioo juu ya moshi wa koroboi mpaka kiwe cheusi, halafu unaandika kwa sindano ya Mama. Pale sindano ilipopita, mwanga unapita. Ukigusa kwa kidole, umefuta sentensi nzima. Padri akakubali Jumapili moja tu. Kukiwa na fujo, vioo vinarudi kabatini na nisimwulize tena.

Papa Donatien alinijia shuleni, amevaa koti.

"Unataka kunifunga kinywa, mwana yangu? Bale bamama benye habajue kusoma, batasikia nini?"

Naandika hapa kwa sababu ni kweli: kina mama wasiojua kusoma sikuwa nimewafikiria hata kidogo. Mwishowe tulipatana kwamba yeye atasimulia hadithi kwa kifupi kabla ya kuanza, kisha atakaa.

Kumleta Baba ilikuwa kazi nyingine. Nilimwandikia kwenye kibao cha chaki: "Baba, leo sinema ni ya kusoma. Njoo unisahihishie makosa." Hakuna anachopenda Baba kama makosa ya watu wengine. Akavaa kofia.

Mablanketi yalikuwa yamefunika madirisha, ndani ni kama tanuri. Kioo cha kwanza nilikiingiza vibaya, maneno yakatokea miguu juu, na ukumbi mzima ukapindisha vichwa ili usome. Nilitamani ardhi inimeze. Papa Donatien, aliyekuwa amekwisha kusimulia, bado na kambo wake, na kukaa benchi la mbele amekunja mikono, alisimama akaja nyuma nilipokuwa, akakishika kioo kwenye kingo na kukigeuza. Tangu hapo akawa ananipa kimoja kimoja kwa mpangilio.

Ukumbi ulikuwa kimya, na nilimsikia mwoka mikate kwa sauti yake mwenyewe. Furaha yangu haikudumu. Kila anayejua kusoma alianza kumsomea jirani yake, benchi hadi benchi, na Mfaransa wangu akazama katika kelele kubwa kuliko za bomba la bati.

Kisha kikafika kioo nilichokiogopa: "Mama mkwe amefika, nifiche!" Kelele zikakatika. Picha ikafuata, yule mtu ameketishwa mezani uso kwa uso na mama mkwe wake, na supu mbele yao. Kula mbele ya mama mkwe, ambaye kwetu hata njiani unamkwepa! Kina mama wakajifunika nyuso kwa vitambaa. Mtu akasema, "Eeh, bukwe!" yaani ukwe umevunjiwa heshima, kama aliyeona ajali. Padri, mgeni wa desturi zetu, asiyejua kosa liko wapi, aligeuka kunitazama, nami nikajua vioo vinarudi kabatini.

Hapo Baba akacheka.

Alicheka peke yake, kwa nguvu, akipiga goti. Baba ambaye miaka yote kambo, mama yake Mama, alipokuwa hai, akiona kikapu chake tu mwisho wa barabara, alikuwa akiruka mtaro na kupita nyuma ya nyumba za watu. Kina baba wakatazamana, kila mmoja na mtaro wake, na ukumbi ukapasuka. Vitambaa vilishuka. Padri naye akacheka, sijui alicheka nini.

Kuanzia hapo Baba alisoma kila kioo kwa sauti ya karakana, bila kujua ni kubwa kiasi gani, na benchi lote la kina mama wasiojua kusoma likamwegemea. Hakuna aliyemnyamazisha. Kando yangu nilimwona Papa Donatien akinyoosha shingo kumtazama, kisha akanipa kioo kingine. Kusema kweli, Kifaransa changu sikukisikia tena mpaka mwisho, na sikujali. Asante Mungu. Asante Papa Donatien, ambaye nilimdhania mabaya. Padri amesema Jumapili ijayo tuendelee, wote wawili.

Sasa tumekaa nje, Baba na Mama na mimi na daftari hili. Baba amenitazama niandike, kisha akauliza:

"Ule muntu wa mikate, sauti yake iko namna gani?"

Nimeandika kwenye kibao: nyembamba, ya puani kidogo, inapanda akiogopa. Amesoma kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akageukia barabarani, asinitazame.

"Na mi? Nilicheka nguvu?"

Nimefuta kibao, nikaandika kwa herufi kubwa: NGUVU KABISA, BABA. UKUMBI MZIMA ULIKUFUATA.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akacheka, nguvu vile vile.