Bendera Uliyoinua Kwenye Reli

Njombe,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa mdogo wangu Perusi, Mama Baraka,

Mbukwa, mdogo wangu, nikusalimu kwanza kwa lugha ya kwetu. Shikamoo yako naihesabu kuwa nimeshaipokea, maana tangu utoto hujawahi kunipita bila kuitoa, hata siku tulizogombana. Marahaba. Habari za hapo Kintinku? Goti lako linakuruhusu kulima? Mvua imeshuka, au bado mnatazama mawingu yakiwapita? Huku kwetu hainyeshi, inaishi. Baridi ya Njombe imeniingia mifupani na haina mpango wa kutoka. Nakaa jikoni karibu na jiko la mkaa nimevaa koti la mkwe wangu, na wajukuu wananiita Babu Blanketi.

Unga wa uwele na mlenda mkavu uliotuma umefika salama. Janeti alinipikia siku ile ile. Binti yangu amekulia kwenye ugali wetu, lakini viazi vya huku vimemharibu mkono, akautoa ugali laini kama uji. Nilikula wote, nikamshukuru Mungu, kisha nikakushukuru wewe.

Ukiona mistari hii imenyooka, usinisifu. Naweka rula ya mbao kwenye karatasi, naandika juu yake kwa kalamu nene, kisha naishusha kwa upana wa kidole. Nikiinua mkono katikati ya neno, silioni tena neno lenyewe. Jicho la kushoto limezima kabisa. La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kupitia mdomo wa chupa. Na moyo nao umechoka. Daktari alimwambia Janeti nje ya mlango, akidhani masikio yangu nayo yamezeeka. Nilisikia kila kitu. Sina manung'uniko, nimeishi vizuri kuliko nilivyostahili, na utaona kwa nini nasema hivyo.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu yako huwa unaiweka sauti kubwa ili nyumba nzima inisikie, na mimi nikisikia watoto wanacheka nyuma yako, najificha humo. Mara tatu nimepiga nikiwa na neno hili mdomoni, na mara tatu nimeishia kukuuliza habari za kuku. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa, na soma peke yako kwanza.

Unakumbuka nilipostaafu ualimu na ile shule ya binafsi ikanunua basi? Mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alisema hataki kijana wa kukimbiza gari, anataka mtu mzima anayejua watoto. Nilikuwa na leseni ya miaka mingi, ya lile gari la idara ya elimu. Lakini kubeba watoto ni jambo jingine, na sheria ni nyingi, na zote ni za haki. Ilibidi niende chuo cha udereva Dodoma, nisomee kozi ya magari ya abiria, nipate leseni ya daraja la juu zaidi. Ilibidi nitoe alama za vidole polisi ili ijulikane sijawahi kuumiza mtu. Tulifundishwa huduma ya kwanza kwa kufunga bandeji mwanasesere asiye na kichwa. Tulifundishwa kukagua matairi na breki kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, na kuhesabu watoto wakipanda na wakishuka, na kulipitia basi zima hadi kiti cha nyuma kabla ya kulifunga, kwa sababu mtoto husinzia.

Mkufunzi wetu alikuwa trafiki mstaafu, mtu wa utani. Alinipenda kwa sababu niliandika kila alichosema. Siku ya somo la kuvuka reli alinisimamisha mbele ya darasa.

"Mwalimu, umefika kwenye reli, una watoto arobaini. Unafanya nini?"

"Nasimama. Nazima redio. Nafungua dirisha nisikilize."

"Halafu unavuka?"

"Hapana. Msaidizi anashuka, anatazama huku na huku, anainua bendera."

"Na kama msaidizi wako ni mkeo na mmenuniana tangu jana?"

"Namtii."

Darasa lilicheka sana. Yeye hakucheka. Alisema, "Hapo ndipo bosi wa basi anakuwa yule aliye chini. Bila bendera yake, gari halisogei hata hatua moja." Nililiandika hilo pia, nikapiga mstari chini yake.

Sasa naanza kusema, Perusi.

Kabla ya kupewa cheti tulipimwa macho. Lilikuwa bango la herufi ukutani, muuguzi mmoja na fimbo yake, na sisi kwenye foleni. Mimi nilijua. Kwa mwaka mzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nikigonga mlango kwa bega la kushoto, nikimwaga chai upande wa kushoto, nikisema ni uzee. Mbele yangu kwenye foleni walikuwapo wanne. Kila mmoja aliposoma, nilikariri. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kukariri majibu bila kuyaelewa! Ilipofika zamu yangu nilifunika jicho zima, nikalielekeza lile bovu ukutani, nikataja herufi zote bila kusita, mstari hadi mstari. Ukuta wenyewe niliuona kama moshi. Muuguzi akasema, "Mwalimu, una macho ya kijana." Nikamjibu, "Ni mlenda."

Nilirudi na cheti, nikakitundika sebuleni. Wewe ulikifuta vumbi kwa kanga yako kila ulipokuja. Na uliposikia shule inatafuta msaidizi wa basi, nilikuombea kazi mimi mwenyewe, nikakufundisha bendera mbili, nyekundu na ya kijani, pale pale uani kwako huku majirani wakicheka. Uliipenda ile kazi. Watoto walikuita Mama Bendera.

Asubuhi ile ya treni ya mizigo naijua ulivyoisimulia wewe na nilivyoisimulia mimi. Leo nakusimulia ilivyokuwa.

Tulikuwa tumewachukua watoto wa ng'ambo ya reli. Nikasimama, nikazima redio, nikafungua dirisha. Lakini injini yetu ilikuwa na kelele na watoto walikuwa wanaimba. Ulishuka mlango wa kushoto, ukaenda kusimama mahali pako pa kila siku, mbele upande wa kushoto. Upande wangu wa moshi. Siku nyingine zote nilikuwa nageuza kichwa chote ili nikutazame kwa jicho la kulia. Siku ile tulikuwa tumechelewa, sikugeuza. Niliona kitu kinapepea, hakina rangi. Nikaamua ni kijani. Sikuona kijani, Perusi. Niliamua tu. Nikatia gia.

Binti mmoja aliyekaa kiti cha mbele akasema, "Mwalimu, mama ameinua nyekundu."

Nikamwambia, "Kaa vizuri huko."

Kisha nikakuona wewe, mbele kabisa ya kioo, unapiga boneti kwa mti wa bendera. "Kaka! Kaka, simama! Unaua watoto wa watu!" Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Watoto wakaangukiana. Treni ikapita nyuma yako, behewa baada ya behewa, na kati ya mgongo wako na yale mabehewa hata mbuzi asingepita. Bendera iliyokuwa mkononi mwako ilikuwa nyekundu. Ile ya kijani ilikuwa imekunjwa, umeibana kwapani.

Hakuna mtoto aliyeumia. Kila asubuhi ninapoamka namshukuru Mungu kwa sentensi hiyo moja, kisha nakushukuru wewe. Sijawahi kusema sala fupi kuliko hiyo, wala ya kweli zaidi.

Ofisini kwa mwalimu mkuu nilisema uliinua ya kijani. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu, kanga bado ina vumbi. Ulisema, "Mimi, kaka?" Na mimi nikajibu kwa sauti ya upole, ile sauti ninayoichukia hadi leo: "Ulikuwa na bendera mbili, ukachanganya. Ni ubinadamu tu." Hata nikakuombea wasikufukuze. Wakakuhamishia jikoni kukoroga uji, na wote wakanisifu kwa kumhurumia ndugu yangu. Mimi nilikuwa na cheti na nywele nyeupe. Wewe ulikuwa na bendera tu.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Jioni ile ulikuja kwangu, ukakaa kwenye kigoda, ukaniuliza: "Kaka, hivi kweli niliinua ya kijani? Maana sasa mimi mwenyewe nimeanza kutokuwa na hakika." Nikakutazama kwa jicho langu zima nikasema, "Uliinua, mdogo wangu. Sahau."

Hukusahau. Uliacha kufundisha watoto kanisani, ukasema hujiamini tena na watoto wa watu. Mchungaji alikuja kukubembeleza na mimi nilikuwapo, nikanywa chai. Na kila Jumamosi uliniletea uji wa uwele kwa sababu nilisema kiuno kinauma. Kiuno hakikuuma. Nilikuwa nimeacha lile basi wiki ile ile kwa hofu, na kiuno kilikuwa jina la hofu yenyewe. Walinifanyia sherehe, wakaniita dereva makini. Soda nilizokunywa siku ile zilitoka jikoni kwenu kwenye uji, wewe ndiye uliyenimiminia.

Ningekufa na haya, Perusi. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshajiandaa kufa nayo. Ni mwanao aliyenizuia, bila kujua.

Wiki mbili zilizopita Baraka alinipigia. "Shikamoo mjomba." Nikamwambia, "Marahaba, dereva." Alikuwa amejaa furaha kwamba shule imemkubali kwa basi jipya, kwamba mwisho wa mwezi anakwenda chuo. Kisha akashusha sauti: "Mjomba, kuna kupima macho. Hili la kushoto jioni linanisumbua kidogo, taa naziona zina duara. Wewe uliwezaje?" Na mimi, mzee wa miaka hii, nikacheka. Nikamwambia bango ni lile lile siku zote, nikamtajia herufi. Zimekaa kichwani kuliko majina ya wajukuu zangu. Akasema, "Subiri mjomba, naandika kiganjani."

Nilikata simu nikiwa bado natabasamu. Kisha nikakumbuka alichosema daktari wa macho wa hapa, aliyeniambia ugonjwa wangu ni presha ya macho. Alisema hauumi, unakula kidogo kidogo kuanzia pembeni, na hutembea kwenye ukoo. Alisema ndugu zangu wa tumbo moja na watoto wao wapimwe mapema, kwa sababu ukikamatwa mapema, dawa ya matone huuzuia. Nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu kuwaambia mkapime kulikuwa ni kuanza hadithi hii.

Basi nakuomba, kabla ya mwisho wa mwezi, mpeleke Baraka hospitali wakampime macho kweli kweli, na wewe upimwe naye. Daktari akisema anaona vizuri, au matone yatamtosha, aende chuo na baraka zangu zote. Akisema haoni vya kutosha, asiende. Najua naweza kuwa namnyang'anya kazi aliyoisubiri. Atanikasirikia. Mwache anikasirikie, ana haki. Na akisimama mbele ya bango lolote, asome anachokiona tu. Asipoona, aseme "Sioni." Neno hilo ni jepesi sana, nami nililikwepa hadi nilipokaribia kukuua wewe na watoto arobaini.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Hiyo ni ya mwalimu mkuu aliyepo sasa. Nimeandika yaliyotokea kwenye reli na nimetia sahihi. Janeti ametia sahihi kama shahidi. Aliisoma yote akiwa amesimama, akaenda kuchemsha maji akanikanda miguu. Naye namshukuru. Kama utaipeleka shuleni, au utaisoma kanisani, au utaitia jikoni kuwashia moto, ni juu yako. Nimeshaamua mengi kwa niaba yako.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Naweza nisiwepo kuisoma. Ninachotaka ni ulale ukiwa na hakika.

Nisalimie shemeji yangu, Baba Baraka, umwambie ule mlango wa zizi nilioutengeneza vibaya hautanivunjia heshima, maana seremala sikuwa. Nisalimie mama mkubwa, na umshikie miguu kwa niaba yangu. Nisalimie mke wa marehemu kaka yetu na watoto wake wote. Mchungaji mwambie nilikunywa chai mbele yake siku ile kwa aibu. Na kama unajua alipo yule binti wa kiti cha mbele, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, mwambie mwalimu amesema alikuwa sahihi, na kwamba hakupaswa kuambiwa akae vizuri.

Baraka mwambie anawe kiganja.

Na wewe, Perusi, uliniuliza jioni ile kwenye kigoda, nami nimechelewa kukujibu. Hapana. Hukuinua ya kijani. Uliinua nyekundu, na mkono wako haukutikisika.

Ni mimi kaka yako, niliye hai kwa sababu yako,
Stefano