Ngozi Yenye Kupakaliwa Mafuta

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu 2001

Mupendwa yaya Agar, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu zangu mingi katika jina ya Bwana. Uko muzima? Shemeji na batoto banaendelea muzuri kule Kampala? Mimi niko, mwili hauna shida. Mama kule kwake anasikia mugongo kidogo, lakini kwa misa anafika. Barua yako ilinifikia kupitia mufanyabiashara mumoja. Unauliza mara mbili mudogo yetu Mathe eko wapi. Nitajibu, univumilie tu.

Nyumba imenyamaza sana. Tangu Kanyere, bibi yangu niliyeoa, alikufa, humu tulibaki mimi na Mathe. Sasa napika sahani moja, na nasemaka na viatu vya watu vyenye nashonaka.

Unajua bugonjwa yangu: ile mikoba ya ngozi ya kutia masasi, cartouchières, yenye basoda ba Bula Matari, ile serikali ya bazungu ya zamani, balifungaka kwenye mukaba. Bazee ba Alimbongo banailetaka kwangu nikate viraka vya viatu, na mimi nashindwa kukata. Natengeneza viatu vyao na ngozi ingine, ile ya bababu naweka. Nilifikisha saba. Moja iko na mwaka 1889 umepigwa chini ya kifuniko. Mathe alinichekaka eti ningeoa tu ngozi. Lakini kila siku ya Mungu, kiisha misa, tulikaa wote wawili tunaipakaa mafuta ya ngombe, yeye akipiga stori.

Mwezi wa kumi basoda benye banashika muji sasa balifika kupekua nyumba zote za kartie, mutaa yetu yote. Baliona ile mikoba kwenye ukuta. Nilibaonyesha ule mwaka 1889. Mukubwa wao akakunja moja na mukono, akasema ngozi ya zamani inapasukaka, hii ni laini, basi inatumika. Eti hakuna mutu anapakaa mafuta kitu chenye hatumii. Akauliza ni ya nani, nani anatumikia Mayi-Mayi, bale bapiganaji ba pori.

Yaya, kitu hiki sijaambia hata padri. Nilisema ni ya Mathe. Yeye alikuwa Beni na mizigo ya maharagi, nikafikiri eko mbali, nitatuma mutu amwambie akimbilie Mbau kwa mujomba. Niliogopa, ni hiyo tu. Sikujua kama alishapanda lori ya kurudi. Basoda balimushusha kwenye baria, kizuizi yao ya barabara, siku ileile. Lori ilifika na koti yake, bila yeye.

Mama nilimudanganya eti Mathe alienda kutafuta zahabu Mongbwalu. Kila jioni anamuombea.

Miezi tano nimeuliza habari yake kwa bureau yao hapa. Hata mara moja sikusema ngozi ni yangu. Haya inanikula. Luc, mushofere, anasema kuna bafungwa bado kwenye kambi ya Beni. Kesho napanda naye. Nitasimama mbele ya mukubwa wao niseme ni mimi napakaaka mafuta, baniweke mimi, bamuachilie yeye, kama angali hai.

Salimia shemeji, na kila mutoto kwa jina yake. Mama anakusalimia sana. Akikuandikia kuuliza kama Mathe amepata zahabu, sasa unajua cha kumujibu.

Ni mimi mudogo wako,
Vagheni