Askari wa damu ya Yaya

Likasi, Jumanne, 1994

Dada yangu mkubwa, Yaya Sofi, mgonjwa wa ukimwi, aliuliza tena leo: "Bwana yangu ndiye alinipa huu ugonjwa, na yeye iko na nguvu. Miye nilikosea Mungu nini?"

Nilikwenda kwa masoeri, mtawa wa dispansari. Akasema mu damu muko askari wanaochonga silaha zao upya ili zishike ugonjwa, lakini ugonjwa nao unabadilisha uso. Kwa mtu mmoja askari wanaukaribia, kwa mwingine wanaachwa nyuma. Si zambi.

Nilipomweleza, Yaya akacheka. "Kumbe banatumika bila mushahara, sawa bwana yangu kule ku kazi." Akanywa uji.

Hakuuliza kama askari wake wataufikia ugonjwa. Masoeri alishaniambia hapana.

Kesho atauliza. Mungu wangu, unipe jibu kabla hajaniuliza.