Umeniandika Mdhamini

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, nakula na kulala vizuri. Chumba changu kina dirisha moja tu, nalo linatazama ukuta wa jirani, lakini nimeshakizoea.

Nina habari njema. Kiwanda kimoja cha mahema na maturubai kinatafuta mtunza ghala, nami nimeshapeleka wasifu wangu. Kurasa tano! Mpangaji mwenzangu anafanya kazi steshenari, ndiye aliyenipigia chapa na kunizungushia mpaka wa maua. Sentensi ya kwanza inasema mimi ni mtu mwenye ari, mchapakazi, mbunifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Miaka yangu hapo dukani kwako nimeiita "Meneja Msaidizi wa Uzalishaji wa Mavazi". Usicheke, ndivyo wanavyoandika wenzangu.

Nimejipa hadi mwisho wa Aprili. Nisipopata kazi, nafunga virago na kurudi kwenye cherehani. Lakini nitapata, utaona.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo nauburuta hivyo hivyo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hasira hunitangulia, ila kwenye karatasi napata muda wa kupoa. Umefanya nini huko?

Jumanne nilikuwa nampima mteja, pini mdomoni, simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya ofisini akaniuliza kama nakufahamu. Nikasema ndiyo, ni mtoto wa kaka yangu. Akasema, "Ametuandikia kwamba wewe ni mdhamini wake."

Nikajikuta nimekaa juu ya kitambaa cha watu. Neno hilo nimelisikia mahali pamoja tu, kituo cha polisi, siku ile nilipoenda kumtoa baba yako baada ya ule ugomvi wake wa mpirani. Nikamuuliza yule mama umeiba nini. Akasema hapana, wanataka tu kujua tabia yako. Nikajua ndio hao hao, huanza kwa upole. Nikamwambia, "Kama amekosa, mwacheni alale humo humo ajifunze. Mimi simtoi." Nikakata simu.

Tangu siku hiyo usingizi sina. Niambie uko kituo gani. Lile neno "simtoi" nilisema kwa hasira tu. Gauni la kuja huko nimeshalipiga pasi.

Shangazi yako

26 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Rudisha gauni kabatini. Sijakamatwa, niko chumbani kwangu na ukuta wangu.

Mdhamini kwenye wasifu ni mtu anayeijua kazi yako, ambaye mwajiri anaweza kumuuliza habari zako. Nilikuandika bila kukuomba, nikadhani nitakuambia baadaye. Barua yako ilinichekesha mpaka jirani akagonga ukuta, kisha kicheko kikakatika. Kumbe ndiyo maana watu wa kiwanda walikuwa kimya.

Nikaenda mwenyewe kiwandani. Yule mama alinisikiliza, akacheka hadi akavua miwani. Nikajua mambo yamekwisha kunyooka. Halafu akautoa wasifu wangu kwenye faili na kuniambia, "Simu ya shangazi yako si tatizo. Tatizo ni kwamba nimesoma kurasa tano na bado sijui ulikuwa unafanya nini." Amenipa hadi katikati ya Aprili nipeleke mwingine.

Tangu hapo nakaa na karatasi nyeupe mbele yangu. Maneno makubwa nikiyatoa, naona sina cha kuandika. Nimekuwekea nakala humu ndani. Tafadhali isome. Na sasa nakuomba rasmi: utakubali kuwa mdhamini wangu?

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya tunashukuru. Wasifu wako nimeusoma mara mbili, na huyo mtu simjui. Meneja Msaidizi alipita hapa dukani lini? Mimi nilikuwa na kijana mmoja tu, anayeongea kuliko redio.

Nguo ikimpwaya mtu tunapunguza, hatumshonei maua. Toa ari. Nani atakayeandika kwamba ni mvivu? Toa shinikizo pia. Uandike ulichofanya. Wewe ndiye uliyeyapanga majora yangu na kuandika ubaoni kila kilichobaki, nikaacha kununua kitambaa ambacho tayari ninacho. Sare za shule ya hapa jirani ulizikata wewe zote, zikatoka kabla shule haijafunguliwa, na hakuna mzazi aliyerudisha hata moja. Anza na hayo, kwa maneno ya kawaida, na ukurasa mmoja unakutosha.

Udhamini nimekubali, maana umeniomba.

Sasa nikuambie ukweli. Kiti chako bado kipo pale pale kwenye cherehani ya pili, na kila nikifagia nakizunguka. Aprili inavyosogea kuna siku natamani uikose hiyo kazi. Nimeshasema, usiniulize tena.

Shangazi yako

17 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Yule mama wa kiwandani amepiga tena. Safari hii nilitoa pini mdomoni kwanza.

Ameusifu wasifu wako, anasema ameumaliza akiwa amesimama. Akaniuliza habari zako, nikamwambia yote. Kwamba unawahi kazini. Kwamba huishiwi maneno. Kwamba uliwahi kukata mikono ya mashati, yote ikawa ya kushoto, ukaja kuniambia mwenyewe kabla sijagundua. Hilo aliliandika, nilisikia kalamu.

Kisha akauliza, "Angekuja kukuomba kazi leo, ungemchukua tena?"

Nilikitazama kile kiti. Neno moja tu, hapana, na wewe ungekuwa hapa mwisho wa mwezi, ukinipigia kelele kama zamani. Nilitaka, mwanangu. Nilitaka kweli.

Nikamwambia, "Ningemchukua leo hii. Ndiyo maana nakuomba umchukue wewe, kabla sijabadili mawazo."

Shangazi yako

29 Aprili

Mdhamini wangu,

Shikamoo. Nimeanza kazi jana. Ghala lina majora marefu kuliko mimi, na hakuna ubao hata mmoja. Leo nimeomba ubao na chaki, wamenipa.

Barua yako niliisomea ngazini, nikashindwa kupanda. Umenipa kazi hii kwa mkono wako, na najua umejinyima nini. Nitakuja kila nikipata likizo, tena nitaongea mpaka unifukuze.

Lakini kile kiti, Shangazi, usikizunguke tena. Weka tangazo dirishani kwamba unatafuta msaidizi. Wakikuletea wasifu wa kurasa tano wenye maua, usiucheke. Usome mpaka mwisho, kisha umpigie mdhamini. Na akianza kufoka, usikate simu. Huenda naye ni shangazi wa mtu, ana pini mdomoni.

Mwanao, mtunza ghala